Spika Iliyotobolewa na Beberu

Mwenye Vyombo hakukubali mtu akalie spika. Ungeweza kumkosea mambo mengi akanyamaza, ukachelewa kumfungulia geti, ukamsahau kwenye sahani ya pilau, lakini ukikalia spika yake alikuwa tayari kusimamisha harusi. Nimemwona akimwinua mjomba wa bwana harusi, mtu mzima mwenye suti na ua kifuani, mbele ya wageni wote.

"Shikamoo mzee wangu," alimwambia kwanza, maana adabu hakuiacha nyumbani. "Naomba unyanyuke. Huyo uliyemkalia yuko kazini."

Wanaokodisha muziki Babati mjini sasa ni wengi, wana taa za rangi na moshi wa kuwafunika maharusi. Wakati ule ukisema "mwenye vyombo" hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa na spika kubwa za mbao alizozipaka rangi ya kijani kwa mkono wake, maiki, miksa, jenereta, na pikapu kuukuu ambayo ilikuja gereji kwetu mara nyingi kuliko gari lolote. Mimi hupiga rangi magari, kwenye gereji ya Nangara kando ya barabara ya kwenda Singida. Pikapu yake nimeipiga rangi upande mmoja mmoja, jinsi kutu ilivyojitokeza, mpaka ikawa na kijani cha aina nne. Hakujali. Alisema gari ni punda tu, mwenye kubeba hapambwi.

Hakuwa mtu wa muziki. Hili liliwashangaza wengi. Nyumbani kwake hapakuwa na redio iliyowashwa. Alikuwa Mwislamu wa safu ya mbele msikitini, lakini riziki yake kubwa ilikuwa kwa Wakristo: harusi, kipaimara, mahafali, mikutano ya injili. Nyimbo zote za kwaya zilipita mikononi mwake, na ukimwuliza ipi ni nzuri alijibu, "Ile iliyoisha salama." Maana yake ni kwamba hakuna waya ulioungua. Sauti aliichukulia kama maji. "Mtu ana kikombe," alikuwa akisema, "wewe unamfungulia bomba lote. Atalowa, na kiu bado anayo." Ma-MC walimchukia kwa hilo, kwa sababu wao walitaka wasikike mpaka Mutuka kule nje ya mji, na yeye alikaa nyuma ya miksa akiwapunguza taratibu bila wao kujua.

Alipojaribu maiki hakusema "moja mbili" kama wengine. Alisema, "Mliokaa nyuma, mnanisikia?" Alisema hivyo hata asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, viti vikiwa bado vimepangwa juu ya vingine. Halafu alikwenda kuweka kiganja juu ya kila spika, moja baada ya nyingine, kama mtu anayempima mtoto homa. Nilidhani ni mbwembwe za kazi. Baadaye nilielewa vingine.

Alikuwa na sheria moja iliyomgombanisha na watu wengi: msiba kwanza. Ukipatikana msiba mjini, vyombo viliondoka vilipokuwa na kwenda huko, hata kama kulikuwa na harusi. Mara moja pale Sigino alianza kukunja nyaya katikati ya sherehe kwa sababu aliletewa habari ya kifo. Baba wa bibi harusi alimfuata, jasho linamtoka.

"Mzee, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana mimi na wewe. Marehemu hakuwepo."

"Sasa wageni wangu watacheza na nini?"

"Wana makofi," alisema. "Harusi ina kalenda, ndugu yangu. Wale wenzako hawakupewa kalenda." Aliwaachia spika moja ndogo na redio ya betri, akaondoka. Inasemekana watu walicheza mpaka jioni, na wengine wanasema ilikuwa harusi nzuri kuliko zote, lakini baba wa bibi harusi hakuwahi kumsalimia tena.

Kwenye msiba wetu alikuja bila kuitwa. Baba alikuwa ametangulia zamani. Sasa ilikuwa zamu ya mama. Wajomba walikuwa wameshafika kutoka Mbulu, wamekaa kwenye viti vya mbele wakijadili mambo ya jeneza na usafiri. Mwenye Vyombo alishuka kwenye pikapu, akawapita wajomba kwa salamu, akawapita wazee wa jumuiya, akaja mpaka niliposimama mlangoni na wadogo zangu. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili. Paskali alikuwa anaota meno ya ukubwani, Fausta alikuwa bado anabebeka.

"Mkubwa," aliniambia, "nikuwekee wapi?"

Niligeuka nyuma kumtafuta huyo mkubwa. Hakukuwa na mtu. Nilinyoosha mkono pale kwenye ukuta wa jiko, akaweka pale, akapiga nyimbo za maombolezo kwa sauti ndogo kiasi kwamba watu waliweza kulia bila kushindana nazo. Wiki ile watu walinishauri mambo mengi kuhusu maisha na sikumbuki hata moja. Swali lile nalikumbuka. Sikurudi shule. Mwenye gereji, ambaye alikuwa jirani, alinipa kazi ya kupiga msasa, na baadaye bunduki ya kupulizia rangi. Na kuanzia siku ile Mwenye Vyombo hakuniita jina lingine zaidi ya Mkubwa, hata nilipokuwa nimepakaa rangi mpaka kwenye kope.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kwamba hakutupa kitu. Stoo yake ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba, na ukutani alipigilia misumari mingi, kila msumari na kitu chake: nyaya zilizokatika, vichwa vya maiki vilivyopondeka, vitasa, na karatasi za spika zilizochanika, zile nyeusi za duara zinazotetemeka sauti inapotoka. Ukimwuliza za nini, alijibu, "Zimepumzika." Wakati huohuo alikuwa mchoyo wa nyaya nzima kiasi kwamba alizihesabu mbele ya mwenye shughuli kabla hajaaga. Alikuwa mkarimu wa vibovu na mbahili wa vizima. Ndivyo Mgonjwa alivyotufikia.

Mgonjwa ilikuwa spika. Iliumia kwenye harusi moja Mutuka, ambako shangazi wa bibi harusi alileta beberu wa zawadi na kumfunga karibu na vyombo. Muziki ulipoanza, beberu aliitazama spika ile kwa muda, akarudi nyuma kadiri kamba ilivyomruhusu, akaipiga pembe. Karatasi ilichanika kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Wenye harusi walitaka kulipa, Mwenye Vyombo akakataa. "Beberu ni mgeni wenu kama wageni wengine," alisema, "na yeye ndiye pekee aliyesema ukweli kuhusu ule wimbo." Tangu hapo spika ile haikukodishwa. Aliifunika shuka, akaiita Mgonjwa, na akawa anaizungumzia kama mtu.

Sasa nieleze kuhusu wadogo zangu. Paskali alijifunzia gita kanisani, akafukuzwa kwaya, hakufukuzwa hasa bali alishauriwa apumzike, kwa sababu hakujua wimbo unapoisha. Wenzake walimaliza, yeye akaendelea kuzunguka palepale. Fausta alipiga ngoma, na kwa kuwa hatukuwa na ngoma za kisasa alipiga vifuniko vya magurudumu, matangi ya mafuta na ngoma moja kubwa ya gwaride aliyoazima shuleni. Rafiki yao Idrisa, mtoto wa mwenye duka la vitambaa sokoni, alipiga gita la besi. Jumapili gereji ikifungwa mchana, mwenye gereji aliniachia ufunguo, nao wakafanyia mazoezi humo kati ya magari yasiyo na milango. Paskali aliimbia ndani ya pipa tupu la oili ili sauti yake irudi kutoka mbali.

Muziki wao haukuwa na pa kukaa Babati. Hapa kuna kwaya, kuna bongo fleva, kuna vijana wa singeli, kuna wapiga kinanda wa harusi. Wao wimbo mmoja ulikuwa na maneno manne tu, kuhusu kiboko anayetoka ziwani kwenda kula mahindi ya watu, na ulichukua muda wa kupika maharage. Gita lilikwenda likirudi, likipanda kidogo, likirudi, mpaka unajikuta huna habari na ulichokuwa unafikiria. Nilikuwa nikikaa pale nikiosha bunduki ya rangi na nikasahau kuiosha.

Walihitaji spika ya gita. Nilikwenda kumwomba Mwenye Vyombo, nikitegemea kukataliwa. Alifikiri, akaenda stoo, akavuta shuka.

"Nitawapa Mgonjwa," alisema. "Mzima siwezi. Lakini mjue anakoroma."

Alikoroma kweli. Gita la Paskali lilipopita kwenye karatasi ile iliyochanika, lilitoka limebeba mchanga, limekwaruza, lina joto, kama sauti ya mzee anayecheka akiwa na kikohozi. Vijana walitazamana. Wiki hiyohiyo nyimbo zao zote zilibadilika. Zikawa za polepole zaidi, na kila mmoja akawaachia wenzake nafasi ili ule mkwaruzo usikike mpaka mwisho.

Mwenye Vyombo alianza kuja Jumapili baada ya sala ya Alasiri, kumwangalia Mgonjwa kama alivyosema. Alikaa juu ya tairi, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti.

"Mlio mbaya huu," alisema wimbo wa kwanza ulipoisha. Ulipoisha wa pili alisema, "Mlio mbaya."

"Babu, si uende nyumbani upumzike?" Fausta alimwambia.

"Nitakwenda. Pigeni ule wa kiboko."

"Si umesema mbaya?"

"Nimesema mbaya. Sijasema mwache."

Baada ya miezi kadhaa walihitaji jina la bendi, na hakuna aliyebishana: wakajiita Mlio Mbaya. Alipoambiwa alikasirika, akasema wanamtangaza vibaya mjini, halafu Jumapili iliyofuata akaja na ubao mdogo alioupaka kijani, ameandika jina hilo kwa herufi nzuri sana, akautundika mwenyewe juu ya Mgonjwa.

Alikuwa hivyo. Alisifu upole wa sauti, lakini simu aliipokea kwa kelele za kuamsha mtaa. Aliwaambia ma-MC wapunguze, na miaka ya mwisho vijana wa harusi walianza kunong'ona kwamba Mwenye Vyombo siku hizi anafungulia mno, kwaya zinaumiza masikio. Tulisema ni uzee, watu hubadilika. Nilipomsalimia kwa nyuma hakuitika, nikadhani ana mawazo.

Ukaja mwezi ambao baba yake Idrisa alitangaza kwamba kijana ataondoka kwenda Dodoma kusimamia duka la amu yake, na hakukuwa na mjadala. Bendi ilikuwa na nyimbo sita na hakuna hata moja iliyorekodiwa, isipokuwa video ya simu ambayo madereva wa bodaboda walirushiana. Kijana mmoja mwenye studio ya chumba kimoja nyuma ya saluni, anayerekodi kwaya, aliiona video ile. Alitupa Jumapili moja kutoka asubuhi hadi jioni, ya mwisho kabla ya safari ya Idrisa. Wakikosa siku hiyo, basi.

Sitajifanya kwamba nilikuwa naelewa muziki. Nilichoelewa ni kwamba tangu mama azikwe kila kitu tulichofanya nyumbani kwetu tulikifanya kwa sababu hatukuwa na namna: tulikula kilichopo, tulivaa kilichopo, nilifanya kazi iliyokuwepo. Hiki walikichagua wenyewe. Nilitaka kibaki mahali ambapo hakitaondoka na basi la Dodoma.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo Mwenye Vyombo alikuja na pikapu, akamfunika Mgonjwa kwa shuka, akamchukua. "Ana safari," alisema, hakueleza zaidi. Jumamosi mchana alimrudisha. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, siku ambayo haikuwa ya kanzu. Alivua shuka kama mtu anayefunua zawadi, na zawadi ilikuwa ndiyo hiyo. Karatasi mpya, nyeusi, inang'aa, haina hata mkunjo. Alikuwa amekwenda nayo Arusha kwa basi, ameipakata.

"Mtaingia studio kama watoto wa watu," alisema. "Chomeka, Paskali."

Paskali alichomeka, akapiga kamba. Gita lilitoka safi, tamu, kama kengele ya shule ya chekechea. Alipiga ule wa kiboko. Fausta aliingia, akaacha katikati. Ulikuwa wimbo wa mtu mwingine.

Mwenye Vyombo aliweka kiganja juu ya spika, ametabasamu, anatungoja.

"Asante sana, babu," Fausta alisema. Idrisa akasema, "Mungu akulipe, mzee." Paskali alikuwa anaangalia sakafu. Mzee akapanda pikapu yake ya kijani cha aina nne, akaondoka akiwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Kesho tumekwisha," Paskali alisema.

"Kuna programu za simu zinakwaruza," Idrisa alisema.

"Zinakwaruza kama simu." Akachukua wembe wa kukatia karatasi za rangi kwenye meza yangu. "Mchano mmoja tu. Hatajua."

"Weka chini," nilimwambia.

"Dada, yeye ametupa iwe yetu."

"Ametukopesha. Na hata angetupa. Mtu amepanda basi mpaka Arusha amepakata spika kwa ajili yako, halafu wewe unaichana kwa wembe mwenyewe asipokuwepo?"

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Nitakwenda kumwambia."

Fausta aliniangalia. "Utamwambiaje?"

Nilinawa rangi mikononi, nikajifunga khanga, nikaenda. Nilimkuta kibarazani kwake anavua viatu. Nilimpa shikamoo mara mbili ndipo akaitika. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamshukuru, nikamsifu kwa safari, nikauliza hali ya mguu wake.

"Sema, Mkubwa. Hukuja kuniuliza mguu."

"Mzee, spika ni nzuri. Lakini nyimbo za watoto zilizaliwa na ile iliyochanika. Hii nzima haiwafahamu."

Aliweka kiatu chini. "Unataka kuniambia nimeharibu."

"Umetengeneza, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

"Mjini wanasema nawapa yatima vitu vibovu," alisema. "Sokoni nimeambiwa mbele ya watu. Nikasema basi, kabla hawajaingia mlango huo wa studio, nitawapa kizima. Mimi! Mimi nimewapa kizima, nyie mnataka kibovu?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa tofauti ni nini?"

Nilidhani ananitega. Nikaanza kumweleza: ile ya zamani ilikuwa na mchanga, hii ni laini, ile ilikoroma, hii inaimba. Alikuwa akinitazama mdomoni, anafuata kwa makini sana, kama mtu anayesimuliwa habari za mji ambao hajafika. Ndipo nilipoelewa kwamba swali lilikuwa swali. Hakujua tofauti. Alikuwa ametengeneza kwa macho na kwa kiganja. Zile Jumapili zote kwenye tairi, sijui alikuwa anasikia nini. Nikakumbuka kiganja kile kwenye uwanja mtupu, na "mliokaa nyuma, mnanisikia?"

Na yeye aliona kwamba nimeona, akageuza uso kidogo kuelekea barabarani.

"Mimi sitoboi kitu kizima," alisema. "Hilo siwezi, hata mnililie. Kitu kizima hakitobolewi na mwenye akili. Labda mkamtafute beberu."

"Sawa, mzee." Nilianza kunyanyuka.

"Kaa. Nani kakwambia uondoke?" Aliingia ndani, nikamsikia anapekua stoo. Alirudi na karatasi ya zamani, ile iliyochanika kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Ilikuwa imepumzika kwenye msumari wake. "Mwambie Paskali alete Mgonjwa sasa hivi, gundi ipate kukauka. Na hii mpya nitaitundika. Ipo siku mtapata akili."

Jumapili asubuhi alitutangulia studio. Yule kijana wa studio aligusa ule mchano akashtuka.

"Mzee, hii mbovu. Nina spika nzuri humu ndani, tutumie yangu."

Niliwaona vijana wanamtazama Mwenye Vyombo. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema aliyoyasema kila Jumapili.

"Yako ni nzuri," alisema. "Itumie kwa kwaya. Hii ni ya hawa."

Aliketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya Mgonjwa, kiganja juu ya mbao, na hakukiondoa mpaka jioni. Walipokuwa wanapanga maiki ya kwanza, kwa mazoea ya miaka mingi aliisogelea, akasema, "Mliokaa nyuma, mnanisikia?" Mashine ilikuwa tayari inarekodi. Mwenye studio alitaka kukata kipande hicho. Paskali alisema wimbo unaanzia hapo. Kwa hiyo mtu yeyote anayesikiliza nyimbo sita za Mlio Mbaya, kwenye simu, kwenye bodaboda, popote zilipofika, anaanza kwa kuulizwa swali hilo na mzee ambaye asingeweza kusikia jibu.

Uzinduzi ulipangwa gereji, Idrisa akiwa amebakiwa na siku mbili. Tulialika watu, tulifagia, nilipaka rangi upya mlango. Mwenye Vyombo aliahidi kuleta spika zote za kijani. Asubuhi akafa mama mmoja wa Mutuka. Mnajua kilichotokea. Vyombo vyote vilikwenda Mutuka, na aliniambia mwenyewe, bila kuomba radhi. Sikumlaumu, ningeanzia wapi? Tulizindua kwa Mgonjwa peke yake, kwa sababu Mgonjwa hakuwahi kupelekwa msibani. Sauti haikutosha kwa umati ule, ikabidi watu wasogee, mafundi, wanakwaya waliokuja kucheka, bodaboda, baba yake Idrisa mwenyewe akiwa kwenye boneti la Nissan isiyo na injini. Walisogea mpaka wakagusana mabega. Wimbo wa kiboko ulipofika katikati hakuna aliyekuwa anacheka.

Idrisa aliondoka. Hurudi sikukuu, wakapiga. Paskali sasa hufundisha gita watoto wawili watatu pale gereji, na kuna vijana wa Sigino wameanzisha bendi yao, wanaimbia ndani ya pipa.

Mwenye Vyombo aliacha kazi kimyakimya. Vyombo vya kijani alivichukua mpwa wake, ambaye amevipaka rangi nyeusi na kuweka taa. Mara ya mwisho nilipokwenda kwake nilikwenda na pikapu ya gereji, nimembeba Mgonjwa nyuma, nimemfunika shuka. Paskali amepata spika nyingine, nayo ameshaitafutia mchano wake. Nilimkuta kibarazani. Shikamoo yangu haikumfikia, nikamgusa bega.

"Marahaba, Mkubwa," alisema kwa kelele zake za simu. "Umeleta nini?"

Nilivua shuka. Alimtazama Mgonjwa kwa muda, kuanzia ubao wa kijani mpaka mchano. Niliinama karibu na sikio lake.

"Mzee, nikuwekee wapi?"

Hakusikia, akanitazama mdomoni. Nilirudia polepole. Safari hii aliona, na alilitambua swali. Alinyoosha mkono kwenye ukuta, kando ya kiti chake. Niliweka hapo. Nilivuta waya kutoka ndani, nikachomeka simu, nikafungulia nyimbo kwa sauti ndogo, kadiri ya kikombe. Sauti yake mwenyewe ilitoka ikauliza waliokaa nyuma, na gita likaingia.

Aliweka kiganja juu ya mbao. Tulikaa hivyo mpaka maneno manne ya kiboko yakaisha na kuanza tena.

"Mlio mbaya," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ongeza kidogo."